Bosi akisema atahamisha kiwanda

Naunganisha pikipiki hapa Kampala. Tukigusia mshahara tu, meneja husema wenye mali watapeleka kazi nchi nyingine. Anatutisha?

Anawatisha, lakini si uongo mtupu. La kuuliza ni nani ana kura siku uamuzi unapopitishwa. Ujerumani, sheria ya nchi inayohusu kampuni ya magari ya Volkswagen inataka theluthi mbili za bodi ya usimamizi zikubali kabla kiwanda hakijahamishwa, na nusu ya viti vya bodi hiyo ni vya wafanyakazi. Ndiyo maana Desemba 2024, baada ya vuta nikuvute ndefu, kampuni na wafanyakazi walikubaliana ajira zaidi ya 35,000 zipungue kufikia 2030 bila mtu kuachishwa kwa nguvu. Hasara ipo, ila ilijadiliwa mezani.

Ninyi hamna viti hivyo. Basi mwombeni meneja hesabu: katika pikipiki moja, ambayo vipuri vyake vimekuja kwa kontena kupitia Mombasa, mshahara wenu ni shilingi ngapi? Nilipokuwa mwakilishi wa wafanyakazi niliuliza hivyo, kikao kikaahirishwa wiki mbili.

Mimi ni kibarua mwezi wa saba sasa, kila mwisho wa mwezi nasaini upya. Nina haki gani?

Kanuni za Ajira za 2011 zinasema kibarua akifanya kazi miezi minne mfululizo, anastahili mkataba wa maandishi na si kibarua tena. Huko kusaini upya ni ujanja wa zamani. Tunza kila karatasi, hata ile ya kuingilia getini, uende nazo kwa afisa wa kazi wa wilaya.

Kima cha chini cha mshahara Uganda ni kiasi gani?

Shilingi 6,000 kwa mwezi, tangu 1984. Sikusahau sifuri. Bunge lilipitisha muswada wa kima cha chini mwaka 2019, Rais hakuutia saini.

Wenzetu wa viwanda vya magari Marekani walipataje nyongeza ya asilimia 25 mwaka 2023?

Waligoma Ford, General Motors na Stellantis kwa mpigo, wakifunga viwanda vichache vichache, mwajiri asijue zamu inayofuata ni ya nani. Msiige hilo la kushtukiza: hapa mgogoro hupelekwa kwanza kwa afisa wa kazi. Igeni akiba. Kila mgomaji alilipwa na chama chake dola 500 kwa wiki. Mfuko wa chama chenu utawalisha siku ngapi?