Kabla hujamshika mtu mkono: kwa walimu wapya wa stadi za kila siku kwa wasioona

Wiki iliyopita nilikaa kwenye kona ya jiko la mafunzo nikimwangalia kijana wetu mpya akimfundisha mzee mmoja kumimina chai. "Mzee, kikombe kiko hapo. Hapo hapo. Hapana, siyo huko, pale!" Mzee anapapasa hewa. Kijana akamkamata kifundo cha mkono, akauvuta mpaka kwenye kikombe kama anayekokota mbuzi mnadani. Nilinyamaza hadi kipindi kiishe, maana sikutaka kumwaibisha mbele ya mzee, lakini moyo uliniuma. Mwezi huu nimeyaona hayo hayo kwa wengine wawili. Basi nayaandika, myasome kabla hamjapangiwa vijiji.

1. "Hapa", "pale" na "kule" yaacheni nyumbani. Ni maneno ya kidole, na kidole chako hakionekani. Sema: mbele ya kifua chako, shubiri moja kulia, mkono wa kikombe umeelekea kwako.

Na hiyo saa tunayofundishwa kuipanga kwenye sahani, yaani kutaja chakula kilipo kwa namba za saa, itulizeni kwanza. Miongozo mingi imeandikwa na watu ambao kwao saa tatu ni mshale mfupi kwenye namba tatu, upande wa kulia. Mzee wako amesoma saa ya ukutani kwa Kiswahili maisha yake yote: kwake ikiwa saa tatu mshale mfupi uko kwenye tisa, kushoto. Unamwambia mlenda uko saa tatu, anatumbukiza tonge kwenye maji ya kunawa, halafu unaandika kwenye fomu kwamba ana shida ya mwelekeo. Shida hiyo umeileta wewe. Na yupo bibi ambaye hajawahi kuwa na saa. Kwake sema upande wa mlangoni, upande wa kifuani, inatosha kabisa.

2. Mkono wako ukae chini, wake juu. Aguse mkono wako unavyofanya kazi, auache anapotaka. Ukimshika kwa juu umemfunga, na vidole vyake ndivyo anavyosomea. Sema kabla ya kugusa. Sema ukifika, sema ukiondoka. Nimemkuta mtu akizungumza na kiti kitupu dakika nzima kwa sababu mwezeshaji alitoka kupokea simu kimya kimya. Wala usipaze sauti. Mzee mmoja wa Bahi alimwambia mwenzetu, "Mwanangu, yaliyokufa ni macho, masikio bado yanalipa kodi." Neno "kuona" pia msiliogope. Wao wenyewe watawaambia "tutaonana kesho", nanyi jibuni hivyo hivyo.

3. Maji baridi, kidole ndani ya ukingo wa kikombe. Chai ya moto, kamwe: sikiliza mlio unavyopanda, pima uzito, weka kikombe ndani ya sinia.

4. Uliza mtu anataka nini. Mtasema hilo mnalijua, limo ukurasa wa kwanza wa fomu ya tathmini. Hata mimi nilikuwa nalo.

Mwaka wangu wa kwanza nilipewa bibi mmoja katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kongwa, Dodoma. Alikuwa amepofushwa na vikope, yaani trakoma. Miaka mingi kope zilijipinda ndani zikikwaruza mboni, naye akizing'oa kwa kibano, mpaka giza likaingia. Nilifika nikiwa na mpango wangu: ugali. Nilikuwa nimefuzu vizuri somo la jiko na nilitaka kulionyesha. Kwenye kisanduku cha "mahitaji ya mnufaika" niliandika "kupika" kabla sijamaliza kusalimia. Wiki sita, mara mbili kwa wiki, tulisonga ugali wa uwele. Alijifunza kujua maji yanavyotokota, kuyaweka sawa mafiga, kushika mwiko mkono ukiwa mbali na mvuke. Alikuwa mwepesi wa kushika kuliko wanafunzi wote niliokuwa nao. Nikaandika "amefuzu", nikasifiwa ofisini.

Baada ya miezi mitatu nikarudi kwa ziara ya ufuatiliaji. Nilimkuta amekaa kwenye kivuli cha nyumba yake ya tembe, mikono mapajani. Hakuwa amegusa sufuria tangu nilipoondoka. Mkamwana wake alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, majirani walisema namfanyisha mama kazi na mimi nipo." Sikuwa nimewahi kuketi na mkamwana yule hata mara moja. Nilikuwa nikimwomba atupishe jikoni. Jiko lake.

Bibi akasema taratibu, "Ugali uliutaka wewe, mwanangu. Mimi sikukuomba ugali."

Ndipo nikamuuliza anataka nini. Alimtuma mjukuu dukani kwanza. Alipohakikisha tumebaki wawili, akaniambia kwamba ikifika saa kumi jioni haweki tena maji mdomoni. Usiku aliyempeleka chooni ni mjukuu huyo, mtoto wa miaka tisa, na alimwonea huruma kumwamsha. Mara mbili alikuwa amejikojolea mlangoni akimngoja aamke. Kwa hiyo alikaa na kiu, jua la Kongwa mnalijua, mpaka asubuhi. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Midomo ile nilikuwa nimeiona. Nilikaa naye jikoni mara kumi na mbili, nikadhani ni upepo.

Kutoka mlango wa tembe hadi chooni ni hatua ishirini na mbili. Tulifunga kamba ya katani kutoka kizingitini hadi nguzo ya choo, usawa wa kiuno, na mkamwana ndiye aliyeikaza. Mahali penye jiwe tulipiga fundo. Bibi alipita akitelezesha mgongo wa vidole juu ya kamba. Akifika kwenye fundo anasimama, anatafuta jiwe kwa ncha ya mguu, analizunguka. Mara tatu kwenda na kurudi. Watoto wakaambiwa mtu asianike nguo pale. Nilipoinuka kuaga ilikuwa inakaribia saa kumi na moja. Bibi aliomba maji, akanywa kata nzima, nami nimesimama.

Kazi iliyomfaa ilichukua siku moja. Wiki sita zile alinipa kwa ustaarabu wake tu, kwa sababu nilikuwa mgeni na mgeni hakatazwi. Jambo hilo bado linanichoma, nami sitaki mlirudie. Wazee wetu hawatawaambia "hapana". Watasema "sawa, mwalimu", nanyi mtajaza fomu.

5. Pesa: noti ya elfu kumi ni ndefu kuliko ya elfu moja, lakini sokoni Majengo hakuna muda wa kupima. Kila noti ikunjwe kwa namna yake, na namna hiyo aichague mwenyewe.

6. Usiwahi kutoa fimbo nyeupe kabla mtu hajafika kliniki ya macho. Upofu wa presha ya macho haurudi nyuma, lakini mtoto wa jicho anaondolewa kwa upasuaji na mtu akaona tena. Inauma kumfundisha mtu kuishi gizani wakati dawa yake ipo.

7. Ukihamisha chumvi, irudishe. Hata sentimita kumi. Kwako umeisogeza tu, kwake imepotea.

Kijana wa chai, najua unasoma. Mzee ameniambia una sauti nzuri na hana kinyongo. Alhamisi unarudi kwake, na kabla ya kikombe kuletwa mezani, kaa na mke wake kwanza. Wanaokwenda Kongwa, kamba za katani zipo stoo, rafu ya chini. Kateni mita ishirini na tano, hatua za watu hazilingani.