Maswali na majibu: Kome si konokono

Swali: Je, ni kweli kwamba kome wa Ziwa Victoria hueneza kichocho?

Hapana, na hii si mara ya kwanza kuulizwa. Kichocho hupitia kwa konokono, mwenye gamba moja lililojisokota, ilhali kome ana magamba mawili yaliyoungwa kwa bawaba.

Swali: Maji ya bwawa langu la sato yamekuwa ya kijani. Nikileta ndoo mbili za kome kutoka ziwani, watayasafisha?

Kome huvuta maji, huchuja vijimea na chembechembe za viozo, kisha kile asichokila hukifunga kwa ute na kukidondosha chini, ambako wadudu hukila. Hata hivyo, bwawa lako ni la kijani kwa sababu ya mbolea na chakula unachozidisha. Hewa ikipungua majini usiku kome hao watakufa, na wakioza utakuwa umeongeza uchafu. Punguza chakula. Tena, kuhamisha kome si mchezo: kome wa pundamilia walifika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini miaka ya 1980 ndani ya maji yanayojazwa melini ili isiyumbe, nao huwagandia kome wenyeji kwa wingi mpaka hao wanashindwa kufungua magamba yao na kula.

Swali: Mbona mtoni kwetu tunaona kome wakubwa tu, wadogo hawapo?

Kabla sijajibu, nani anachimba mchanga upande wa juu? Kome mdogo huishi amejifukia, na tope laini linaloshuka kutoka machimboni humziba pumzi. Isitoshe, kome wengi huanza maisha wakiwa wamemng'ang'ania samaki: mwaka 1961 mtafiti Geoffrey Fryer alieleza jinsi kiluwiluwi cha aina moja ya kome wa Jinja, Uganda, kinavyotia mrija mwilini mwa samaki aitwaye kuyu, kama mzizi, na kunyonya humo hadi kikomae. Mkimmaliza kuyu kwa makokoro, au mkimzibia njia ya kupanda mto, wakubwa hao mnaowaona watazeeka bila mrithi.

Swali: Je, ni vibaya kuwasagia kuku makombe, yaani magamba ya kome?

Yaliyotupwa ufukweni na mawimbi, okota. Ila kagua gunia kabla ya kulipa: kombe la zamani limepauka na bawaba yake imekatika, lakini lile ambalo bawaba yake bado inanepa, ndani linang'aa na linanuka nyama, lilikuwa hai juzi, na mwenye gunia alizamia kulifuata.