"Generalize" si kujumlisha hesabu

Umeuliza kama "generalize" ni "kujumlisha". Inakaribia, ila ukimwambia mtu "usijumlishe" anaweza kudhani unazungumzia hesabu ya mbili na mbili. Maana yake ni kuona wachache ukahukumu wote, yaani ile ya samaki mmoja akioza wote wameoza. Mimi ningesema "kuwatia wote kapu moja" kwenye mazungumzo, na "kutoa hitimisho la jumla" kwenye ripoti.

Kosa letu kubwa ni hili: "He generalized all men." Kiswahili kinaruhusu "kuwajumlisha wanaume wote", basi tunakibeba hivyo hivyo. Kiingereza kinataka "about" hapo: "He generalized about men." Wale wachache uliowaona, unaowategemea kuhukumu wengine, wanakuja na "from": "You can't generalize from two people." Kinachoweza kufuata kitenzi moja kwa moja ni matokeo au kanuni, halafu "to" inaonyesha unayapeleka wapi: "We cannot generalize these findings to the whole country." Sentensi hiyo wanafunzi wa utafiti wataikuta sana, hasa sampuli ikiwa ndogo au imetoka mtaa mmoja tu.

Tahajia: Marekani ni -ize, Uingereza -ise imezoeleka zaidi ingawa -ize nayo si kosa. Chagua moja, usichanganye ndani ya insha moja.

Na ukiona "generalized pain" kwenye cheti cha hospitali, hakuna anayehukumiwa hapo. Ni maumivu ya mwili mzima.