Nina laki nane, ninunue gitaa la besi la nyuzi tano? Jibu la mzee wa deiwaka

Mkuu mleta mada, umeuliza mara mbili na wote wamekujibu "inategemea na mfuko wako", wakati mfuko umeshautaja: laki nane. Unapigia kwaya, umeanza kuitwa harusini, na kuna besi ya nyuzi tano, ya betri, umeiona Kariakoo inang'aa kwa laki saba na nusu. Usiinunue. Nitakueleza kwa nini, ila uvumilie, maana nikianza habari za besi hata mke wangu huhamia jikoni.

Mimi sijawahi kula kwa muziki, nilikuwa deiwaka tu, yaani mpigaji wa kuitwa kwa siku. Nilikuwa karani hapa Tanga mpaka nikastaafu, na besi nimeipiga jioni na mwisho wa wiki, yapata miaka 40 sasa. Nimekulia kwenye mji wa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz kwa upande wa dansi, Black Star na Lucky Star kwa upande wa taarabu. Taarabu ya Tanga ilikuwa na gitaa la besi ndani yake, ndiyo maana hata waliokwenda kutunza walijikuta wanacheza. Nilikuwa nasimama nje ya ukumbi nasikia mlio mmoja tu ukipenya ukutani, ule wa chini. Nyimbo nyingi nilizijua kwa besi kabla sijazijua maneno.

Nilipanda jukwaani mara ya kwanza mwaka 1984. Mpiga besi wa bendi moja ya mtaani aliangushwa na malaria, mimi nikasukumwa. Gitaa lilikuwa la bendi, na hili vijana wa leo hamlielewi vizuri. Zamani mpigaji hakuwa na chombo. NUTA Jazz ilipoanza mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, vyombo vya chama. Polisi walikuwa na bendi yao, jeshi lao, Umoja wa Vijana wao. Bendi za watu binafsi ni hivyo hivyo, vyombo vya mwenye bendi. Ukigombana na tajiri ulitoka na vidole vyako kumi, basi. Nimemshuhudia mtu aliyetikisa ukumbi Jumamosi, Jumatatu yake anaomba gitaa la kufanyia mazoezi.

Na nyuzi zilikuwa hakuna. Miaka ile hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, sembuse nyuzi za besi. Zile nilizozikuta zilikuwa zimekufa kabisa, ukigonga unasikia du, du, kama mtu anapiga mto. Mzee mmoja wa gitaa la rithimu akanifundisha kuzichemsha. Unazifungua zote nne, unazikunja kila moja duara, unatia kwenye sufuria ya maji, yanatokota dakika kumi. Maji yanageuka rangi ya chai ya rangi, juu kunaelea utando wa mafuta, yaani jasho la wapigaji wote waliopita. Unazitoa, unazifuta haraka kwa kitambaa kikavu, unazianika juani zikauke hadi ndani ya mizunguko, la sivyo kutu. Ukizirudisha zinalia kama mpya kwa wiki mbili hivi, kisha zinakufa tena. Bado nafanya. Sufuria yenyewe imetengwa, na ilitengwa baada ya kesi ambayo sitaieleza hapa.

Mwaka 1993 ndipo nikanunua yangu. Baharia mmoja alikuwa anauza kopi iliyotengenezwa Japani ya Precision, besi ya kampuni ya Fender ya Marekani, jina kichwani limekwanguliwa, rangi imebanduka pale mkono unapoegemea. Nilitoa mshahara wa miezi minne kwa mafungu. Precision yenyewe ni gitaa rahisi mno. Fender waliitoa mwaka 1951, na hata baada ya kuibadilisha pikapu, kile kinasa mlio cha chini ya nyuzi, miaka michache baadaye, imebaki na pikapu moja, kitufe cha volyumu, kitufe cha toni, kwisha. Hakuna betri. Ndani mna nyaya chache ambazo fundi redio yeyote wa mtaani anaweza kuzichomelea akiwa anazungumza na wewe. Gitaa langu limefunguliwa mara nne tangu hapo, tatu kati ya hizo ni jeki tu, lile tundu la kuchomekea waya, maana chumvi ya bahari inakula kila kitu chenye chuma.

Baada ya kulinunua nikaanza kuitwa. Leo Korogwe, kesho Muheza, Jumapili kipaimara. Deiwaka wa kutafutwa! Nikajiona nimeiva. Mpaka siku moja nimelala na homa, mlango ukagongwa, kijana mdogo: "Shikamoo mzee. Wamesema nichukue gitaa." Nikamwambia siwezi kuja, naumwa. Akasema, "Hapana, mzee, wewe pumzika. Gitaa tu."

Nilimpa. Mpiga besi walikuwa naye tayari, kumbe miaka yote ile walichokuwa wanakosa ni gitaa lenyewe.

Sasa turudi kwenye hela yako. Kwanza nyuzi tano. Uzi mnene wa besi ya kawaida, E, ukiachwa wazi unatikisika mara 41 kwa sekunde. Ule wa tano, B, unatikisika mara 31. Spika ndogo ya inchi 10 ndani ya boksi la bei rahisi haiwezi kuitoa vizuri sauti hiyo, inapumua upepo tu, na ukilazimisha volyumu koni inachanika. Kwa hiyo utakuwa umenunua uzi ambao wewe unausikia mgongoni na wasikilizaji hawausikii vizuri. Nakubali, kwaya za siku hizi mpiga kinanda anahamisha ufunguo kwa kidole, ukajikuta kwenye D au E bemoli, na wenye nyuzi tano wanashuka chini vizuri sana. Wakishuka kwenye mitambo ya kanisa kubwa nawaonea wivu. Lakini umesema kwaya yenu ina spika mbili za kuhubiria.

Pili, hiyo betri. Besi nyingi za namna hiyo zina betri ya volti 9 tumboni, na kwenye nyingi ukiacha waya umechomekwa kwenye jeki inaendelea kuliwa usiku kucha hata kama hupigi. Niliazimwa moja kwa harusi. Tumefanya mazoezi Ijumaa, nikaiegemeza ukutani na waya wake. Jumamosi bi harusi anaingia, taratibu, watu wamesimama, vigelegele, besi ikaanza kukwaruza kama redio iliyotoka stesheni, halafu kimya. Kapiga hatua zote zilizobaki kwa kinanda na drams. Shemeji zake wakinigeukia utadhani nimekata umeme mimi. Ukinunua ya betri siku moja, kila ukimaliza chomoa waya, na betri ya akiba ikae kwenye mkoba wa gitaa, si nyumbani.

Tafuta ya nyuzi nne, isiyo na betri, iliyotumika. Kabla ya kutoa hela fanya hivi: ishike kama bunduki, jicho moja kwenye daraja la nyuzi, pale zinapokalia upande wa tumbo la gitaa, tazama shingo inavyokwenda. Kupinda kidogo mbele ni kawaida, ndani kuna chuma cha kunyooshea, alenki inatosha. Ikiwa imejiviringa kama chapati ya juzi, upande mmoja juu na mwingine chini, rudisha, hata kama wanakupa bure. Halafu piga kila uzi kwenye kila freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, moja moja, bila haya, muuzaji anune. Mimi niliona aibu, nikaja kugundua nyumbani kwamba freti ya saba ilikuwa bubu. Ukishanunua, mpelekee fundi anayejua akushushie nyuzi na kunyoosha shingo. Elfu thelathini, arobaini utakazompa zitakufaa kuliko laki mbili za kuongezea urembo.

Amplifaya usinunue sasa. Najua hili litakuuma. Nilibeba amplifaya na boksi la spika ya inchi 15 miaka kumi na kitu, kwa kirikuu, kwa bajaji, mara moja juu ya basi, na mgongo wangu una kumbukumbu ya kila safari. Harusini mitambo ipo. Nunua kiboksi cha DI, kinachokaa kiganjani, uchomeke besi hapo na fundi mitambo aivute mpaka kwenye mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti. Nunua nyaya mbili nzuri, mbili, maana mmoja utakufa siku ya shughuli. Vyote hivyo vinaingia mkoba mmoja unaopanda nao bodaboda.

Ukilazimika kutumia amplifaya ya watu, angalia nyuma imeandikwa omu ngapi, yaani kipimo cha ukinzani wa spika inazoweza kubeba. Hapa nimeungua, karibu kihalisia. Shughuli moja Muheza tulikuwa na maboksi mawili ya omu 8, ambayo ukiyaunganisha amplifaya inaona omu 4, na yenyewe imeandikwa isishuke chini ya hapo. MC akaleta la tatu ili wageni wa nyuma nao wasikie. Mimi nikaunganisha, nani akatae sifa? Omu zikashuka hadi mbili na ushei. Tulipofika kwenye chemko, sehemu ya wimbo inayochangamka, watu wameinua leso, nikasikia harufu ya vanishi inayoungua ikiizidi harufu ya pilau. Moshi ukatoka kwenye matundu ya feni. Mwenye amplifaya alikuwa anacheza, hakuona mpaka muziki ulipokata. Nililipa kwa miezi saba.

Na umeme. Ukumbi wenye soketi isiyo na waya wa ethi, ule wa kwenda ardhini, maikrofoni imechomekwa huku, gitaa kule, mara nyingine moja kwenye jenereta na nyingine kwenye umeme wa kawaida. Mkono upo kwenye nyuzi, mdomo unagusa maikrofoni, unarushwa. Mimi nilipigwa mdomoni nikadhani nimezabwa kofi na mwimbaji. Wengine huwa hawaamki. Vyombo vyote vitoke chanzo kimoja, na kabla ya kuimba mwombe fundi apime maikrofoni na nyuzi zako kwa mita.

Kuhusu upigaji nitasema machache maana hukuuliza. Mwombe mpiga kinanda aondoe mkono wa kushoto pale chini. Wengi wao wamezoea kufanya kazi bila mpiga besi, kwa hiyo mnakuwa wawili mnagombania kiti kimoja na ukumbi unasikia vumbi. Na ujifunze kuacha nafasi. Sikiliza bendi za dansi kama Sikinde au Msondo wa zamani, uone besi inavyosema neno, inanyamaza, tumba inajibu. Vijana mnajaza kila tundu kama mnalipwa kwa noti. Samahani, ni uzee.

Uzee wenyewe umenipa mengine. Nimesimama miaka yote kushoto kwa mpiga drams, upande wa matoazi yale mawili ya mguu, sasa sikio la kulia linavuma usiku kama kuna kriketi chumbani. Weka vizibo masikioni, vya bei rahisi tu. Vidole navyo vimekuwa vigumu, nimehamia besi fupi, ya nyuzi zenye urefu wa inchi 30 badala ya 34, napiga nimekaa kwenye stuli, na sijali.

Ile ya baharia ninayo bado, naipiga nyumbani. Kuna jambo moja juu yake. Yule kijana aliirudisha Jumatatu, imefutwa vizuri, na chini ya nyuzi, pale karibu na daraja, mtu alikuwa amepachika kipande cha godoro, kimekatwa kwa wembe, upana wa vidole viwili. Nilitaka kukitoa kwa hasira. Nikapiga kwanza. Mlio ulikuwa umekaza, mfupi, mnene, ule ule niliokuwa nausikia ukipenya ukutani nikiwa mtoto. Niliuliza nani alipiga siku ile, kila mtu akanitajia jina tofauti. Godoro limeshachakaa mara mbili, nimekata jingine saizi ile ile.

Ukipata besi utuwekee picha ya shingo, ipigwe kutoka kwenye daraja.