Kabla ya kukodi jukwaa la ufukweni, uliza leo mwezi ngapi

Kusi likianza kulegea na bahari ya Bagamoyo ikatulia, huanza pia msimu wa watu kunitafuta. Kijana ana kikundi cha singeli, dada ana picha zake za kuchora, mwingine anatoka Dar akiwa na wadhamini wawili mkononi, na wote wanataka kitu kilekile: tamasha la siku moja au mbili pwani, karibu na wavuvi, lenye ngoma, michezo na samaki wa kukaanga. Nimeshughulika na mabonanza ya namna hii muda wa kutosha, mara nikiwa mbeba spika, mara mshika ratiba. Swali lao la kwanza huwa bei ya jukwaa. Mimi huwajibu kwa swali: siku hiyo uliyoipanga, mwezi utakuwa ngapi?

Hapo wengi hunitajia Septemba au Oktoba. Mimi nataka mwezi wa kuandama, ule ambao mzee yeyote anayeshona nyavu pale karibu na soko la samaki atakutajia bila kutazama simu. Ukiijua tarehe hiyo moja umeshajua maji yatajaa saa ngapi, wavuvi watakuwa kazini au mapumziko, usiku utakuwa na mwanga au giza, na kama msikitini kuna shughuli. Hakuna mshauri wa matamasha atakayekupa mambo manne kwa swali moja, tena bure.

Nianze na maji. Mwambao wetu hupata bamvua mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Siku hizo maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti yake ikifika mita 3 na zaidi, na kwa kuwa ufukwe wa Bagamoyo ni wa kina kifupi, yakipwa huenda mbali kweli, boti zikabaki zimelalia ubavu kwenye tope. Jambo ambalo mgeni halijui ni kwamba saa zake hazibadiliki ovyo. Siku za mwezi mpevu maji huwa yametoka kama saa nne asubuhi, hujaa kama saa kumi alasiri, na saa nne usiku yametoka tena. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Maji mafu, yaani siku za nusu mwezi, mambo hugeuka: yanajaa asubuhi ya saa nne na alasiri yamepwa.

Sasa itazame hiyo ya mwezi mpevu kwa jicho la mpanga ratiba. Asubuhi una uwanja mpana wa mchanga mgumu kwa mpira, kuvuta kamba na mbio za magunia. Alasiri maji yamejaa hadi miguuni pa watazamaji, ngalawa zinaweza kushindana huku watu wakiziona vizuri kutoka nchi kavu, na upepo wa alasiri upo. Usiku maji yanarudi nyuma, mwezi uko juu, wacheza ngoma wana nafasi ya kuzunguka. Bahari imekuandikia ratiba nzima. Ukichagua Jumamosi yako kwa kutazama tu mwisho wa mwezi watu wanapolipwa mishahara, unaweza kuangukia maji mafu, ukatangaza mashindano ya ngalawa saa kumi alasiri, na nahodha akakuuliza kwa adabu kabisa kama unataka washindane kwenye matope.

La pili ni watu wenyewe. Wavuvi wa dagaa na vibua wanaotumia taa hutegemea giza. Mwezi ukiwa mkubwa, mwanga wa taa haushiki, samaki hawakusanyiki, na boti nyingi hupumzika. Ndizo siku vijana wa baharini wanakuwa nyumbani, wanashona nyavu, wanatengeneza mashine, wanatafuta pa kwenda jioni. Ukifanya sherehe yako usiku wa giza, utapata wageni wa kutoka mjini na watoto, lakini wale uliosema tamasha ni lao watakuwa baharini wanatafuta riziki. Nimeona mabango yenye maneno “Siku ya Wavuvi” yametundikwa siku ambayo pwani nzima haina mvuvi hata wa kupokea kikombe.

La tatu ni dini, na hapa kuna mtego. Kila mtu anajua kukwepa Ramadhani, na anajua kwamba inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Wanachosahau ni kwamba sikukuu nyingine nazo hukaa karibu na mwezi mpevu: Idd ya Kuchinja ni siku ya kumi ya Mfungo Tatu (Dhulhija), Maulidi ni siku ya kumi na mbili ya Mfungo Sita (Rabiulawwal). Kwa hiyo siku zilezile nilizokusifia hapo juu zinaweza kuwa zimeshachukuliwa. Usishindane na maulidi. Utashindwa, na utastahili. Hata siku za kawaida, zima spika kuanzia adhana ya magharibi mpaka isha iishe. Watu wa Dar huniambia watazamaji watatawanyika. Hawatawanyiki. Wanakwenda kuswali, wanakula, wanarudi na mama zao.

Ukishapata tarehe ndipo uje kwenye jukwaa. Tembea ufukweni siku ya bamvua maji yakiwa yamejaa, utazame mstari wa majani makavu na takataka unaoachwa na bahari. Jukwaa, jenereta na nyaya zikae juu ya mstari huo, tena kwa hatua za kutosha. Kuna waandaaji fulani, majina yao nayahifadhi, waliosimika jukwaa saa tatu asubuhi kwenye mchanga mzuri, mkavu, ulionyooka. Wachuuzi waliwaambia. Walijibu kwamba wana mtaalamu wao. Saa tisa mtaalamu alikuwa amekunja suruali anabeba spika kichwani, na kwa kweli hicho ndicho kipande cha tamasha kilichoshangiliwa zaidi.

Chumvi ni adui mwingine. Upepo wa baharini huibeba hadi ndani ya kila tundu la vyombo vya sauti. Funika spika kila zinapopumzika, valisha mikrofoni sponji, na usiku uleule futa nyuzi za gitaa kwa kitambaa kikavu. Fundi atakayekuambia hayo yanaweza kusubiri kesho ni yule ambaye vyombo si vyake.

Ngoma za ngozi zinataka maelezo marefu zaidi kidogo. Hewa ya pwani ina unyevu, na jioni ngozi hulegea, sauti ikawa ya kukohoa. Wapigaji wetu huipasha ngoma kwenye moto wa makuti au karatasi, wanaigonga, wanaisikiliza, wanairudisha tena motoni mpaka ilie inavyotakiwa. Hilo linachukua muda, na hurudiwa katikati ya shughuli. Liweke kwenye ratiba. Mshereheshaji anayewapigia kelele wapigaji waharakishe anaharibu kazi yake mwenyewe. Watengee pia mahali pa moto, mbali na mabanda ya makuti na upande ambao upepo hautupi cheche kwenye boti. Mji huu unajua moto unavyofanya: jumba la maonyesho la Chuo cha Sanaa liliungua mwaka 2002, na ilichukua miaka kupata jingine.

Na kwa kuwa nimekitaja Chuo, kumbuka unaleta burudani kwa watazamaji wa aina gani. Chuo kilianza mwaka 1981 na mwaka uliofuata likaanza tamasha lake, ambalo mwanzoni lilikuwa nafasi ya wanafunzi kuonyesha kazi zao za mitihani mbele ya watu. Tangu 2007 kinaitwa TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Maana yake ni kwamba mama anayekaanga samaki hapa amewahi kutazama sindimba ya Wamakonde, bugobogobo ya Wasukuma na mdundiko wa Wazaramo wenyewe wa pwani hii, na huenda amemsikia marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyeishi na kufundisha hapa hadi alipofariki mwaka 2003, akipiga zeze na ilimba. Huyo mama humdanganyi kwa vijana sita waliovaa magome ya kununua. Atatazama dakika mbili, atarudi kwenye karai lake. Afadhali kikundi kimoja kinachojua ngoma yake kuliko vitano vya kujaza muda.

Kuhusu ugomvi wa singeli na ngoma za asili, sina subira nao. Weka vyote. Singeli alasiri, baada ya ngalawa, vijana wakiwa wamechemka. Mdundiko baada ya isha, uanzie mitaani Dunda uje na watu hadi pwani, maana ngoma ile ni ya kutembea na ukiipandisha jukwaani umeifunga miguu. Taarabu ukiipata iweke mwishoni, na uwe na viti, kwa sababu kinamama wanaokuja kutuza hawaji kusimama.

Kuna jambo ambalo waandaaji hupenda na mimi hulikataa: kuwaweka wavuvi jukwaani waimbe nyimbo za kazi. Umesikia vizuri boti inapovutwa, mmoja anatoa, wengine wanaitikia, na kwenye kiitikio ndipo mikono yote inavuta pamoja. Wimbo ule unataka kitu kizito. Ukiwapa wanaume kumi mikrofoni na fulana za mdhamini, wanatazamana na kucheka. Fanya hivi badala yake: kwenye bamvua kuna boti zinazopandishwa juu kwa matengenezo, maji ya alasiri yakiwa yamejaa. Zungumza na mwenye boti, wageni wako waalikwe kushika kamba. Wataimba kwa sababu wanahitaji kuitikia ili boti isogee. Hakuna kiingilio wala mshereheshaji, na kesho yake watu watakuwa wanaonyeshana viganja.

Boti hizohizo zilizopanda ndizo za wachoraji. Wasanii hupenda kuja na turubai zao na kuzitundika kwenye kamba, upepo ukazigeuza tanga. Mimi nasema anza na chombo chenyewe. Kila boti hapa ina jina na maneno yake ubavuni, na kuna mafundi wa mtaani wanaoyaandika kwa rangi ya mafuta, ndugu wa ile rangi ya baiskeli ambayo mchoraji Edward Saidi Tingatinga aliijengea jina Dar es Salaam kabla ya kufariki mwaka 1972. Waweke hao mafundi pamoja na wachoraji wa Chuo, wape boti mbili tatu. Lakini mbao yenye chumvi haishiki rangi: ioshwe kwa maji ya kisima yasiyo na chumvi na ikauke, na fundi amalize kwanza kukalafati, yaani kuziba mianya ya mbao. Halafu maneno ya ubavuni achague mwenye boti. Nimeshuhudia mchoraji akitaka kuandika shairi lake kwenye mashua ya mtu; mwenye mashua akamsikiliza hadi mwisho, akamwambia, “Mwanangu, hili likizama litakuwa limezama na mimi.” Iliandikwa Riziki Haina Mwenyewe, ikaisha hapo.

Vibali sitavisemea sana. Anzia kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha viongozi wa wavuvi na wa soko, afisa utamaduni wa wilaya, polisi, na BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kwa upande wa sanaa. Nenda kwa mpangilio huo. Ukianzia juu, karatasi zitashuka kwa haraka na watu wa chini watakukubalia kwa mdomo tu.

Chakula usilete kutoka nje. Wakaanga samaki wa sokoni wana makarai, kuni, wateja na ulimi. Waambie mapema idadi ya watu unaotarajia ili wanunue mnadani asubuhi kabla bei haijapanda, na ukiweza watangulizie fedha za mafuta. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo panga sahani za kurudisha na mapipa ya takataka, mengi kuliko unavyodhani.

Malipo ndiyo sehemu ninayokuwa mkali. Wasanii wa Bagamoyo wamelipwa “kujitangaza” kiasi cha kutosha, wanajulikana, asante. Patana nusu mapema na nusu usiku wa shughuli, ngoma ikishanyamaza, kwa mkono au kwa simu, si “wiki ijayo mdhamini akitoa.” Manahodha wa ngalawa nao walipwe kwa kushiriki, wote, zawadi ya mshindi ikiwa juu yake. Na hesabu yako iwe na vijana wa kufagia, kuanzia ngoma inapokwisha hadi saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu baada ya hapo dalali anafungua mnada, na yeye hajali kama wewe umelala.