Klabu ya usalama wa mtandao au cheti kwanza? Jibu langu

Mdogo wangu, umesema uko mwaka wa pili, hujui ujiunge na klabu ya usalama wa mtandao au ukusanye pesa za cheti cha fani hiyo, na mzee anaona klabu ni kupoteza wakati. Mimi nilisomea Kisumu na kazi hii ndiyo inayonilisha. Jiunge na klabu. Cheti kitakungoja.

Darasani nilipita vizuri tu mtihani wa Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kwa kuandika amri. Kisha Jumamosi moja klabuni tukafungua Bandit ya OverTheWire, mazoezi ya bure ambapo kila ngazi inaficha nywila ya ngazi inayofuata. Tulikuwa kumi na wawili, laptopu nne, bando la kuchangishana. Ngazi ya pili tu ikatushinda: faili lenyewe linaitwa "-", deshi tupu. Tunaandika cat -, cat ikiwa amri ya kusoma faili, na kompyuta imenyamaza, kumbe inasubiri sisi tuiandikie. Nusu saa nzima! Jibu ni cat ./- (ile ./ inaiambia kompyuta kwamba ni faili lililo hapa hapa), na sijalisahau hadi leo, kwa sababu nililitafuta mwenyewe huku wenzangu wakibishana mgongoni mwangu.

Lakini kilichonipa kazi hasa ni ripoti. Shule moja ya upili ilituomba tukague mtandao wa ofisi yake. Mwenyekiti wetu, dada wa mwaka wa nne, hakuturuhusu kugusa hata waya kabla ya barua iliyosainiwa na mkuu wa shule, inayotaja mashine zipi, siku gani, saa ngapi. Alitusomea sheria ya Kenya ya makosa ya mtandao ya 2018: kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Nilikuwa sijawahi kuisikia.

Tukakuta ruta, kile kifaa kinachosambaza intaneti ofisini, bado ina nywila ya kiwandani. Nikaandika kurasa kumi na moja, picha za skrini tele. Dada akanirudishia, akauliza, "Bursa akisoma hii, kesho asubuhi atafanya nini?" Nikaandika upya. Akarudisha tena. Mara ya tatu ilibaki ukurasa mmoja, na juu kabisa: "Yeyote aliye karibu na ofisi na anayetumia Wi-Fi yenu anaweza kuifungua ruta hii na kubadilisha mipangilio yake. Badilisheni nywila leo, ni kazi ya dakika tano." Bursa alisoma, akavua miwani, akampigia fundi tukiwa tumeketi palepale.

Kwenye intaviu yangu ya kwanza waliniambia nimweleze hatari fulani mtu wa uhasibu. Nikasimulia ile ruta, bila kutaja shule.

Chunga jambo moja. Kama klabu yenu ni ya kufungua Facebook za watu au kuulizana jinsi ya kubadilisha alama kwenye mfumo wa chuo, toka humo upesi. Na ukiingia nzuri, usikimbilie uenyekiti, omba ukatibu. Katibu ndiye anayeandika, na wengi huikwepa kazi hiyo.

Mzee mwambie ni Jumamosi asubuhi tu. Anza na Bandit wiki hii, na ukikwama, andika hapa amri uliyotumia na jinsi kompyuta ilivyokujibu. Mimi huingia humu jioni.