Picha za magari ya mbio kwenye ukungu wa Mufindi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpiga picha wa harusi na kipaimara hapa Mafinga. Mbio za magari zilipopita msitu wa Sao Hill nilikwenda na Canon yangu na lenzi ya milimita 55-250. Ukungu na manyunyu vilikuwepo tangu asubuhi. Nilisimama mbali, kama mita 60, nikavuta lenzi hadi mwisho, nikaweka shata ifunguke kwa 1/2000 ya sekunde tu kwa kuwa niliambiwa gari la kasi linataka shata ya kasi. Nimerudi na picha zaidi ya 400. Nyingi ni nyeusi, nyingine zimejaa chengachenga na fokasi imekwenda kwenye miti. Chache zilizotoka safi, gari linaonekana kama limeegeshwa. Je, ninunue lenzi kubwa zaidi?

JIBU: Marahaba binti yangu, kamwene. Usinunue lenzi. Hiyo uliyonayo inatosha, na fedha hizo zitakufaa kwa mafuta ya kufika msituni mapema.

Tuanze na ukungu wenyewe. Ni matone madogo ya maji yanayoelea hewani, na kila mita unayoiongeza kati yako na gari unaongeza matone mengine. Mita 60 za ukungu wa Mufindi zinatosha kuligeuza gari jekundu kuwa kijivu. Lenzi ndefu haipenyi hapo, inauvuta ukungu pamoja na gari. Dawa ni kupunguza umbali. Kamera za aina yako zina kihisio, yaani kile kinachopokea picha ndani, kidogo, kwa hiyo ukiwa mita 25 kutoka barabarani na lenzi ipo kwenye milimita 100, picha inachukua upana wa mita 5 na nusu hivi. Gari la mbio lina urefu wa mita 4 na kitu, kwa hiyo limejaa kwenye picha na rangi yake imebaki nalo.

Lakini mita 25 hizo haziko popote upendapo, na hapa naomba unisome taratibu. Udongo mwekundu wa Mufindi ukilowa unateleza kama sabuni. Gari likishindwa kukata kona linaendelea mbele, yaani linatoka upande wa nje wa kona. Kwa hiyo upande wa nje si mahali pa kusimama, hata kama picha yake ni nzuri kiasi gani. Simama upande wa ndani, juu ya ukingo ulioinuka, nyuma ya utepe, mahali ambapo msimamizi wa njia amekukubalia, na uwe na njia ya kukimbilia ambayo umeipita kwa miguu yako mwenyewe kabla ya mbio kuanza. Msituni kwenu barabara nyingi zimechimbwa pembeni, kingo zipo za kutosha. Usishuke mfereji. Usikae chini wala kupiga magoti, kwa sababu kuinuka kunakula sekunde ambayo huna.

Siku ya ukungu dereva hakuoni. Anamsikiliza msoma ramani wake, anakata kona kwa maneno aliyosomewa, na kwenye maneno hayo hayupo mtu kama wewe. Mwaka 1986, kwenye mbio za Ureno, gari lilitoka barabarani likaingia kwenye watazamaji waliojazana kando ya njia. Watatu walikufa na zaidi ya thelathini wakajeruhiwa. Hapakuwa na ukungu siku ile. Nenda na mwenzako asiye na kamera, kazi yake iwe kutazama barabara wakati jicho lako liko kwenye kitundu cha kutazamia cha kamera. Na flashi izimwe kabisa: humchoma dereva macho, tena kwenye ukungu inamulika matone yaliyo mbele yako na kukupa picha ya vitone vyeupe.

Sasa hiyo 1/2000. Aliyekushauri hakukudanganya, ila alikuwa anawaza jua la saa sita. Fanya hesabu. Gari la kilomita 90 kwa saa linakwenda mita 25 kila sekunde. Kwa 1/2000 linasogea kama sentimita moja na robo. Tairi lake, lenye mzunguko wa mita 2 hivi, linageuka nyuzi mbili na kidogo tu, kwa hiyo rimu inaonekana imesimama. Ndiyo maana ukaona gari limeegeshwa. Ukishuka hadi 1/125, tairi lile lile linageuka nyuzi 36, sehemu ya kumi ya mzunguko mzima. Rimu inakuwa duara linalozunguka, mipaini nyuma inageuka mistari, na mtazamaji anahisi mwendo bila kuambiwa.

Tena unavuna jingine. Kutoka 1/2000 kwenda 1/125 unaipa kamera mwanga mara 16. Pale palipohitaji ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 6400, sasa ISO 400 inatosha. Weusi, chengachenga na gari lililoegeshwa, vyote vitatu vilitoka kwenye namba moja.

Bila shaka ukiweka 1/125 na kuishika kamera imetulia, gari litapita kama moshi. Lazima ulifuate. Miguu ielekee pale utakapobonyeza, si pale gari linapotokea. Pindisha kiuno kwenda kulipokea, viwiko vimebana mbavuni, kisha rudi nalo kwa mwendo wake, ukiliweka mahali pale pale kwenye kitundu. Chagua kitu kimoja, namba ya mlangoni kwa mfano, ukishikilie kwa jicho. Bonyeza taratibu ukiwa bado unazunguka, na uendelee kuzunguka hata baada ya shata kufunga. Wengi huharibu hapo, wanasimama pale wanapobonyeza. Lenzi yenye swichi ya kutuliza mtikisiko ya 1 na 2, weka 2. Mwanzoni utapata picha moja safi katika kumi, na hilo ni jambo la kawaida kabisa. Anza na 1/250, ukizoea shuka 1/125, halafu 1/60 kwa siku unayojiamini.

Gari likikujia usoni mambo hubadilika, kwani halikatizi mbele yako, linakua tu. Hapo 1/500 inatosha. Nami hupandisha hadi 1/1000 mahali pamoja: kwenye dimbwi, nikitaka kila tone la tope lionekane limening'inia hewani. Manyunyu yenyewe hayataonekana kwa kasi hiyo. Ukitaka mvua ionekane kama nyuzi, rudi kwenye 1/125.

Kuhusu fokasi: kamera hutafuta tofauti ya mwanga na giza, na ukungu unaifuta tofauti hiyo. Ndiyo maana yako ilihamia kwenye miti. Magari mawili ya kwanza yaache yapite bila kupiga, utazame tairi zimechora wapi kwenye tope. Kila dereva anayefuata atapita karibu na mchoro huo. Tafuta jiwe au kigingi kilicho sambamba nao, fokasi hapo, kisha hamisha swichi ya lenzi iwe ya mkono na usiiguse tena. Ukiwa kwenye 100, tundu la lenzi f/5.6, mita 25, kina cha kilicho safi ni kama mita 14, nafasi kubwa ya kukosea. Ukivuta hadi 200 ili upate uso wa dereva, kina hicho kinabaki mita 3 na kidogo, na gari la kilomita 60 kwa saa linazipita kwa moja ya tano ya sekunde. Uso wa dereva uache kwa siku ya jua.

Mwanga upime mwenyewe. Ukungu mweupe huidanganya kamera, nayo hutia giza picha nzima. Taa za gari zikiwashwa zinaidanganya zaidi. Weka M, yaani mwanga unaupanga mwenyewe, piga picha ya barabara tupu, angalia kama ukungu unaonekana mweupe kama ulivyo machoni pako. Kama ni wa kijivu, ongeza mwanga kwa theluthi mbili za hatua au hatua nzima, yaani mwanga mara mbili. Rudia kila baada ya nusu saa, kwani ukungu wa Mufindi hupanda na kushuka. Na uhifadhi faili ghafi (RAW), si JPEG pekee, ili ukifika nyumbani uweze kurudisha weusi ulioliwa na ukungu.

Usisahau mgongo wa gari. Likishapita, geuka nalo: taa nyekundu za nyuma ndani ya ukungu na tope linaloruka ni picha ambazo wenzako wengi huziacha kwa sababu wameshusha kamera.

Kuilinda kamera hakuhitaji gharama. Tangu rambo zipigwe marufuku Juni 2019 mimi hununua nailoni ya mita dukani, nakata kipande, natoboa tundu la lenzi na kukaza kwa mpira. Kofia ya lenzi, ile ya kukinga jua na si kifuniko, ivae muda wote, maana ndiyo inayozuia matone kwenye kioo. Betri ya pili ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwa sababu baridi huipunguzia nguvu. Kisha kuna kosa lililoninyima mchana mzima mwaka wangu wa pili wa kazi hii: nilitoka kwenye baridi nikaingia mgahawani kunywa chai, kamera nikaiweka mezani karibu na jiko. Kioo kikajaa umande nje na ndani, nikaukosa mzunguko wa mchana wote. Kabla ya kuingia penye joto, ifunge kamera ndani ya begi na uiache humo hadi ipate joto yenyewe. Usiizike kwenye mchele kama watu wanavyoshauri, vumbi lake huingia kwenye vitundu.

Mbio zijazo hazijafika, lakini barabara kuu inapita hapo hapo Mafinga. Kesho jioni, jua likiwa limejificha, simama ndani kabisa ya njia ya waenda kwa miguu, weka 1/125, ISO 400, ufuate bodaboda mia moja. Ukimaliza, mia nyingine kwa 1/60. Bodaboda ni nyembamba kuliko gari na haitabiriki, ukiiweza hiyo gari litakuwa jepesi. Nitumie tatu ulizozipenda na tatu zilizokushinda. Zilizokushinda ndizo nitakazoanza nazo.